Pango Linaloitikia Hodi

Mliniacha nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, jikoni kwangu, nalia kwa hasira. Mpishi wangu alikuwa ametoroka na sufuria zangu kubwa, na wageni walikuwa njiani. Wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza wasihangaike, nitawaweka sawa haraka, maana ya leo hayasubiri.

Mimi ni mwenye mgahawa. Uko njia panda chini ya mlima, pale magari ya wageni yanapopunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Wananiita Mama Vijiko, tangu siku ile wageni walipoondoka na vijiko vyangu nikawafuata kwa mguu mpaka nikavirudisha.

Nilishawasimulia pia habari za mume wangu, Fundi, mwashi hodari wa mawe. Alikwenda mjini kutafuta kazi za ujenzi. Simu zikapungua, zikakatika, halafu wifi yangu akaja kuninong'oneza kwamba huko mwenzangu ameshapata wa kumpikia.

Nikabaki na mgahawa mtupu na shemeji mmoja, mdogo wake Fundi, ambaye tunamwita Redio. Huyo hazimiki. Ukimkuta shambani peke yake anazungumza na jembe.

Redio ndiye aliyeleta wazo la pango.

Nyuma ya mlima kuna pango lenye mdomo mpana, watu wanasimama kwa raha zao. Upande wa pili kuna ufa mwembamba ambao anaujua aliyezaliwa hapa tu. Redio akawa anaingia kwa ufa, anajibanza ndani gizani. Wageni wakifika mbele wanapiga hodi, na pango linawajibu kwa sauti nzito: "Karibu."

Neno moja tu. Hiyo ilikuwa sheria yangu, na sababu ilikuwepo. Pango lile lina tabia ya kumeza mwanzo wa maneno. Linatoa mkia tu. Siku ya majaribio Redio alisema "Poleni sana na safari," mimi huku mbele nikasikia "safari." Akasema "Tumefurahi kuwaona wageni wetu," nikasikia "wetu." Neno likiwa refu linakatwa kichwa. Lakini "karibu" ilitoka nzima, nzito, na nywele zikanisimama ingawa nilijua ni Redio.

Wageni wakaanza kumiminika. Mtu akishuka garini simpi hata nafasi ya kuuliza.

"Karibu sana. Kwanza ule, mlima haupandwi na tumbo tupu. Kuna kuku wa kienyeji, kuna samaki wa moshi kutoka bwawani, kuna viazi vya kuchoma na pilipili. Ukishiba, panda kileleni uyaone mashamba yote chini yako. Shuka kwa njia ya maporomoko, maji yale unywe kwa kiganja. Pitia kwa mfuga nyuki, akuonjeshe asali ikiwa bado kwenye sega. Mwisho kabisa nenda pangoni. Upige hodi. Piga kwa nguvu, pango halipendi waoga."

Hilo la mwisho mlishike. Nitalirudia.

Na kwa kuwa wageni wanapenda hadithi, nikawaongezea. Nikawa nawapandisha mwenyewe mpaka mdomoni mwa pango, nawaambia ile sauti ni ya marehemu mume wangu, aliyeingia humo kutafuta mbuzi asitoke. Wanawake wananishika mkono, wananipa pole. Nami nazipokea. Mtu ameshakuacha, kumzika kwa mdomo kuna ubaya gani? Ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri nikiwa nacheka.

Sasa twende.

Kabla mpishi hajatoroka, mimi na Redio tulikuwa tumegombana. Alikuja jikoni amevimba.

"Shemeji, mtu mzima kama mimi, kushinda gizani kwa neno moja?"

"Ndiyo."

"Niongeze hata pole."

"Neno moja, Redio."

"Niwaulize tu wametoka wapi. Mgeni haulizwi alikotoka?"

"Redio, ukiongeza neno, pango linakufa. Na likifa pango, huu mgahawa unafungwa."

Akasimama akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Basi," akasema. "Mimi na wewe hatusemezani."

Sikumwona tena. Hapiti mgahawani, haombi chai, hata mbwa wake kahama. Lakini wageni walipanda na kushuka wakisema limeitika, limeitika. Nikajua yuko kazini. Kazi inaendelea, kununa anune.

Halafu mpishi akaondoka, nami nikafungwa jikoni. Sikuweza tena kuwapandisha wageni. Nikawa nawaelekeza kwa mwiko nikiwa nimesimama mlangoni: fuata njia ile, pinda kwenye mti uliopigwa radi, mtafika.

Juzi ikanyesha. Si mvua ya kawaida, ni ile inayopiga mabati mpaka hamsikilizani mezani. Asubuhi yake kukakauka, na jana akaja mwalimu mmoja mstaafu na mkewe. Wakala samaki, wakapanda, wakarudi alasiri nyuso zimewaka.

"Mama," mwalimu akasema kabla hajakaa, "hilo pango lenu sijawahi kuona. Tumepiga hodi, likajibu karibu. Tukapiga tena, karibu. Halafu likagonga."

"Likagonga?"

"Likagonga." Akanigongea mezani kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akanyamaza. Ko.

Mkewe akadakia. "Na likalia, mama. Usisahau kwamba lililia."

"Lililia vipi?"

"Kama mwanamume anayejizuia asisikike. Mimi mwili ulinisisimka. Mmelipanga vizuri sana."

Nikajisikia damu inapanda. Redio. Kanuna, kasusa, na sasa ananikomoa. Nimemkataza neno la pili, yeye kaongeza kulia na kugonga.

"Kuna na neno," mwalimu akaendelea. "Dieni. Lilisema dieni, dieni, mara nyingi. Nimefundisha lugha maisha yangu yote, hilo silijui. Ni lugha ya wazee wa hapa?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Ya zamani sana."

"Maana yake?"

Nilikuwa na sahani mikononi na samaki motoni. "Maana yake kaeni kwa amani."

"Dieni," mwalimu akarudia taratibu, anaonja. "Dieni. Zuri sana."

"Tukapiga makofi," mkewe akasema. "Tukapiga mpaka mchanga ukatumwagikia kichwani."

Wakacheka. Nami nikacheka nao. Ndugu zangu, nilicheka.

Leo asubuhi likaingia basi zima. Kwaya. Wamevaa mashati ya rangi moja, wameanza kuimba kabla hawajashuka. Nilifurahi nikasahau hata sufuria zangu. Wakala viazi vyote, wakala kuku mpaka shingo. Nikawapa maelezo yangu yote, kilele, maporomoko, asali, pango.

Kiongozi wao, mtu mnene mwenye kitambaa cha jasho shingoni, akaniuliza, "Hodi inapigwaje?"

"Nyinyi?" nikamwambia. "Nyinyi ndio pango lilikuwa linawasubiri. Pigeni wote kwa pamoja. Na miguu mpige."

"Tutapiga kwa sauti nne," akasema. Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Tutaligonga mpaka lifungue."

Wakaondoka kwa njia ya kileleni, wanaimba, na wimbo ukapotea mlimani.

Hawajaenda mbali sana, wakaingia bwana na bibi harusi waliolala kwangu jana. Wao walikuwa wamekwenda pangoni mapema kabla jua halijawa kali. Bwana harusi anatabasamu. Bibi harusi hatabasamu.

"Mlilipendaje pango?" nikauliza.

"Mke wangu kaogopa," bwana harusi akasema.

"Sikuogopa," bibi harusi akasema. "Mama, wewe unaijua ile sauti?"

Nikaanza hadithi yangu. Marehemu mume wangu, mbuzi, kuingia bila kutoka.

Akanikatiza. "Mimi ni muuguzi. Niko wodi ya wanaume, ya majeruhi. Watu waliobanwa na magari, walioangukiwa na kuta. Ile sauti naisikia kila siku kazini. Huyo mtu haigizi."

"Ni mchezo tu, binti yangu. Ni shemeji yangu yuko ndani."

"Basi shemeji yako ana kiu, na kifua chake hakipandi vizuri. Sikiliza."

Akatoa simu. Akaniambia kwamba mumewe alipokuwa anapiga hodi, yeye alisogea mpaka mwisho, akapitisha mkono wenye simu kwenye mwanya kati ya mawe. Nikashangaa. Mawe gani? Pale ndani hapakuwa na mawe. Palikuwa na njia nyeupe mpaka alipokuwa akikaa Redio.

Akanibandika simu sikioni.

Nikasikia hodi ya mumewe, kubwa, ya mtu mwenye furaha. Halafu kimya. Halafu sauti kavu, ya karibu sana, kama mtu ananisemea sikioni.

"Msije karibu."

Nikamtazama muuguzi. Akatikisa kichwa, niendelee kusikiliza.

"Msije karibu. Linashuka. Nisaidieni jamani, ila msije karibu."

Neno langu lilelile. Neno nililolichagua mwenyewe kwa sababu linatoka zima. Mkia ulikuwa unatoka, kichwa kinamezwa, na watu wanapiga makofi. Na ile lugha ya zamani ya mwalimu, dieni, nikaisikia nzima pia, na nikakumbuka tafsiri niliyompa. Nikatamani ardhi inifunike.

Halafu simu ikagonga. Ko, ko. Kimya. Ko.

Kitu cha ajabu kikatokea. Mkono wangu wa kulia ukanyanyuka, ukachukua birika, ukachukua kikombe, ukaanza kumimina.

"Mama," bwana harusi akasema, "hatujaagiza chai."

Nikatazama kikombe. Kilikuwa kimejaa na kinamwagika mezani. Sikujua kwa nini nimemimina. Nikaliweka birika chini, nikatoka mbio na aproni yangu, muuguzi nyuma yangu na mumewe nyuma yake.

"Redio," nilikuwa nasema njiani. "Redio mdogo wangu, ongea maneno yote unayotaka. Ongea mpaka kesho."

Tukafika kwenye matuta. Pikipiki ikawa inapunguza mwendo pale, na nyuma ya dereva amekaa mtu na begi mapajani.

Redio.

Mzima, kanyoa, kavaa shati la kutokea. Aliponiona akabana midomo, akageuza uso upande wa pili. Alikuwa bado kanuna.

Nilimshusha kwa kola ya shati.

"Umetoka wapi?"

Akanionyesha barabara kwa kidevu.

"Redio, sema."

"Si ulitaka neno moja?" akasema. "Ukweni."

"Tangu lini?"

"Mke wangu kajifungua. Niko huko tangu kabla ya mvua. Hata hongera hunipi?"

Nikamwachia kola. Kwanza kwa furaha, maana alikuwa hai mbele yangu. Halafu nikaisikia tena ile sauti ya kwenye simu. Redio na kaka yake wana sauti moja. Zamani nikipiga simu nyumbani kwao nilikuwa nauliza kwanza ni nani kapokea, nisije nikamwambia shemeji maneno ya mume.

"Pangoni yuko nani?" nikauliza.

Redio akafungua mdomo, halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Akaufunga bila kusema.

"Redio. Nani anaitikia hodi?"

"Bado yuko?" akasema polepole. "Nilimwambia mvua ikianza asiende. Nilimwambia kabisa."

"Nani?"

"Kaka."

Sikuelewa. Nilisikia neno, nikalijua, lakini halikuingia.

"Kaka yupi?"

"Nina kaka wangapi, shemeji? Fundi. Mumeo." Akaanza kuongea, na alipoanza akawa Redio tena, maneno yanakanyagana. "Alirudi. Ile siku tuliyogombana ndiyo nilimkuta nyumbani kwangu kajikunyata. Alianguka kwenye jengo huko mjini, mguu ukavunjika, ukaunga vibaya. Hana mwanamke yeyote, hayo ni ya dada na mdomo wake. Aliona aibu, shemeji. Kukurudia anachechemea, mikono mitupu. Akaniomba nimpe zamu yangu pangoni."

"Kwa nini? Fundi kukaa gizani kwa nini?"

"Si ulikuwa unapanda na wageni? Unapiga hodi, anakuitikia. Alisema haombi kitu kingine. Anataka tu awe karibu."

Nikashika mkono wa pikipiki nisianguke. Siku zile zote. Nilisimama mlangoni mwa lile pango, nimejipaka mafuta, nimefunga kilemba kizuri, nikasema hodi, na mume wangu mwenyewe akaniambia karibu. Nami nikawageukia watu nikawaambia amekufa.

"Alinisikia?" nikauliza. "Yale ya marehemu?"

Redio akatazama chini. "Siku ya kwanza alicheka sana. Siku ya pili akasema labda ni kweli."

Na hapo ndipo nikaujua mkono wangu. Fundi akiwa juu ya ukuta hapigi kelele kuomba chai. Anagonga jiwe kwa mpini wa mwiko wake wa ujenzi. Ko, ko. Kimya. Ko. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nikiusikia mlio huo wa mwiko, nabeba birika. Aliwagongea mwalimu na mkewe jana, na maharusi leo. Alikuwa ananiita mimi, anaomba chai.

Nililia pale barabarani. Sikujali dereva wa pikipiki.

Muuguzi akanishika bega. "Mama, utalia baadaye. Kuna njia nyingine ya kuingia?"

Kabla sijamjibu, upepo ukageuka, na kutoka juu mlimani tukasikia wimbo. Hafifu, mzuri, wa sauti nne.

"Hao ni nani?" Redio akauliza.

Nikashindwa kumtazama usoni. "Ni kwaya. Wanateremka pangoni."

"Umewaambia wapige hodi?"

"Nimewaambia wapige na miguu."

Sikumbuki nani alipanga nini. Nakumbuka bwana harusi akikimbia barabarani kwenda kwa mafundi wanaochonga mitaro, akawaombe jeki na magogo. Nakumbuka nikimsukuma Redio juu ya pikipiki. "Zunguka mbele. Uwazuie mdomoni. Wasipige hodi, wasipige makofi, wasikanyage kwa kishindo." Na pikipiki ikaondoka inanguruma.

Mimi na muuguzi tukapanda kwa njia ya ufa. Alivua viatu vyake vya kisigino akavitupa majanini, akawa ananivuta mkono mimi mwenye mlima wangu.

Ule ufa ulikuwa wa kumtosha Redio, aliyekonda kwa kuongea. Mimi niliingia ubavu. Gauni likashikwa na jiwe, nikaliacha lichanike. Muuguzi nikamwambia abaki nje, kama kukishuka kitu abaki mmoja wa kusema tulipo.

Ndani kulinuka udongo mbichi. Giza, halafu macho yakazoea. Pale alipokuwa akikaa Redio palikuwa na rundo la mawe, yamelaliana vibaya, na katikati yake tundu la kupitisha mkono. Mbali, juu ya rundo, niliuona mdomo wa pango, mwanga mdogo kama dirisha la jikoni.

Nikapiga magoti kwenye tundu.

"Hodi," nikasema, kwa ile sauti mtu anayoingilia chumba cha mgonjwa.

Kimya. Nikasogeza mdomo kwenye tundu.

"Hodi, Fundi."

"Karibu."

Niliisikia nzima, na mbele yake hapakuwa na neno lililomezwa.

"Sijasema uingie," sauti ikaongeza. "Ni mazoea ya kazi. Usisogee hapo. Na usiseme kwa nguvu."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu alipoondoka. Nilikuwa nimeyapanga, makali, nimeyanoa usiku na mchana. Yote yakanikimbia.

"Chai yako imepoa," nikasema.

Akacheka kidogo. Kicheko kikageuka kikohozi, na juu yetu kitu kikasogea. Mchanga ukamiminika kwenye shingo yangu, ukateremka mgongoni ndani ya gauni.

Tukanyamaza wote wawili mpaka ukaisha.

"Umeona?" akanong'ona. "Nimelazwa chali. Juu yangu kuna jiwe, limekaa juu ya kigogo nilichokisimamisha mvua ilipoanza. Kigogo ni kizuri, kinashika. Ila hakipendi kishindo. Jana walipopiga makofi jiwe lilishuka, na sasa limenigusa kifua."

"Watu wanakuja na jeki."

"Vizuri. Waje taratibu." Akavuta pumzi, fupi, kama anaiazima. "Leo wageni wamo?"

Nikapangusa mchanga shingoni.

"Mama Vijiko."

"Wamo."

"Wengi?"

"Basi zima," nikasema. "Ni kwaya."

Pumzi yake ikakwama. Nilidhani nimempoteza.

"Umewaambiaje?"

"Wapige kwa nguvu."

"Na miguu?"

"Na miguu."

"Biashara unaijua," mume wangu akasema.

Nikapitisha mkono kwenye tundu mpaka begani, nikapapasa. Vumbi, kitambaa, kitu cha baridi, halafu vidole vyake. Vigumu, vina mikwaruzo, vidole vya saruji. Akavishika vyangu.

"Nilikuzika," nikamwambia. "Nisamehe. Nilikuzika kwa wageni."

"Nilisikia. Ulinizika vizuri, na pole ulizipokea." Akapumzika. "Redio yuko wapi?"

"Amekwenda mbele kuwazuia."

Vidole vyake vikakaza ghafla. "Redio?" akasema. "Umemtuma Redio akanyamazishe watu?"

Ndipo nikajua nilichokifanya. Mlimani kote kuna watu wanaoweza kunyamazisha watu kwa kuinua kidole. Nilikuwa nimemtuma mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema neno kwa sauti ndogo.

Mwanga wa mbele ukafifia. Nikainua kichwa. Pale kwenye dirisha langu la jikoni nikaona vichwa, halafu mabega, halafu mashati ya rangi moja. Walikuwa wanajipanga mistari, wafupi mbele. Mnene wa kitambaa akasimama mbele yao akanigeuzia mgongo.

Nyuma kabisa, juu ya vichwa vyao, Redio akatokea. Anahema, shati la kutokea limelowa. Aliwaona, akajua amechelewa, na nikamwona anavuta pumzi mpaka kifua chote kikajaa.

Kiongozi wa kwaya akainua mikono yake miwili.

Mdomo wangu ulikuwa wazi na sauti ilikuwa kooni, ya kutosha kufika ng'ambo ya mlima. Nikaishika hapohapo, nisiwe mimi wa kwanza.

Kwenye kiganja changu, chini gizani, kidole kikagonga. Ko, ko.

Nikakaa nasubiri la tatu.